Dole Gumba Chini ya Jicho

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yenu, kwa hiyo asitokee mtu wa kuniuliza inapakana na nani. Inapakana na nchi nyingine zilizotulia kama yenyewe. Ina ziwa, ina bendi ya polisi, ina amani nyingi kupita mahitaji, na ina Rais mmoja ambaye alianza kutawala kabla meno yangu ya utoto hayajang'oka.

Rais wetu anaitwa Kijana wa Kwanza. Alipewa jina hilo siku alipoapishwa, na siku hiyo lilimfaa. Picha aliyopigwa siku ile ndiyo inayoning'inia katika kila ofisi, kila duka, kila darasa na kila banda la kinyozi. Nywele nyeusi, mashavu yamejaa, na chini ya macho ngozi imetulia kama maziwa kikombeni. Picha haikubadilishwa kamwe. Hakukuwa na sababu, maana picha ilikuwa nzuri. Aliyebadilika ni mwenye picha, na hilo si kosa la picha.

Mambo yalianza siku ya gwaride, mtoto wa darasa la pili alipopandishwa jukwaani kumpa Rais maua. Alikuwa amefundishwa vizuri: apige goti, atoe maua, aseme karibu Kijana wa Kwanza. Alipofika mbele ya kiti akamtazama mzee aliyekaa pale, akageuka kumtazama mwalimu wake, kisha akasema kwa heshima zote, "Shikamoo babu. Rais yuko wapi?"

Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Ulipoisha ikaupiga tena. Mwalimu wa mtoto yule alihamishiwa shule ya mbali, ambayo mpaka leo haijajengwa.

Baraza la Mawaziri likakaa kujadili tofauti iliyojitokeza kati ya Rais na picha. Waziri mmoja, mgeni kazini, alipendekeza ipigwe picha nyingine. Huyo hatujamsikia tena. Waliobaki walikubaliana kwamba picha ni ya kisheria na imegongwa muhuri, kwa hiyo kinachopaswa kurekebishwa ni uso. Akaitwa daktari kutoka ng'ambo. Akatazama, akasema tatizo lote liko kwenye kope la chini, ambako ngozi ni nyembamba kuliko mahali pengine popote mwilini, na ndiko umri wa mtu unakoanza kusema. Akaikata kidogo. Rais akajitazama kwenye kioo akamwambia aongeze. Daktari akasema ngozi ikikatwa mno kope litavutwa chini na jicho halitafumba tena. Rais akasema ongeza. Akaongeza.

Uso ukawa laini. Ikawa pia kwamba Rais hawezi kufumba macho. Analala yako wazi, anapiga chafya yako wazi, na machozi yanamtiririka kutwa kwa sababu kope halina nguvu ya kuyashika. Redio ya Taifa ikatangaza kwa furaha kwamba sasa Kijana wa Kwanza halali kabisa akiwatazama wananchi wake, na kwamba machozi yale ni ya upendo. Ikaundwa idara ya kuyafuta, chini ya Brigedia mwenye leso ya hariri. Misikitini na makanisani tukaombwa kusali macho yakiwa wazi, kumuunga mkono.

*

Likabaki tatizo moja dogo, nalo lilikuwa sisi.

Uso wa Rais ulikuwa umerudi ujanani, lakini watu aliozaliwa nao walikuwa bado wanatembea barabarani na nyuso zao. Mtu akimwona muuza mkaa mwenye makunyanzi, akakumbuka kwamba huyu alisoma na Rais darasa moja, hesabu inajifanya yenyewe kichwani. Ndipo ikaanzishwa Wizara ya Nyuso, na Waziri wake, Profesa Mtandika, akaja redioni kutusomea Sheria ya Kope la Chini.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayefungua mkutano wa harusi, "taifa letu ni changa. Taifa changa haliwezi kubeba wananchi waliokunjamana. Mkunjo chini ya jicho ni kalenda, na kalenda isiyotolewa na serikali ni uchochezi. Hata hivyo serikali yenu haimlazimishi mtu. Tumewawekea njia nne, na kila mwananchi atachagua kwa uhuru kamili."

Njia ya kwanza ilikuwa krimu. Unapaka asubuhi na jioni, inachubua ngozi taratibu, na baada ya miezi mingi utaona tofauti, hasa kama tangu mwanzo hukuwa na makunyanzi. Ya pili sindano, ambayo inajaza bonde lililo chini ya jicho. Uso unavimba siku chache kisha unatulia, au hautulii. Ya tatu ni mwanga wa mashine, unaochoma ngozi ya juu ili nyingine changa iote. Hapo Waziri alishusha sauti akasema kwamba watu wenye ngozi nyeusi wanaweza kubaki na mabaka, lakini hao ni wachache, ni wananchi tu. Ya nne ni kisu.

Mwandishi mmoja wa habari akauliza kama kuna njia ya tano, ya mtu kubaki alivyo. Waziri alicheka sana. Akasema swali zuri, na akamwomba mwandishi ataje jina lake kamili, pole pole, na mahali anapoishi.

*

Mama yangu, Bi Nyamizi, alizaliwa wiki moja na Kijana wa Kwanza, hapa hapa Mtaa wa Moshini, nyumba ya tatu kutoka kwao. Sisi wa Moshini tunakausha samaki. Matanuri yako uani, moshi uko kila mahali, na mtu aliyekaa kwenye moshi tangu usichana anakuwa na macho yaliyofinywa na ngozi iliyojikunja chini yake kama shuka iliyolaliwa. Mama alikuwa na mikunjo mingi ya moshi. Hiyo hakuijali.

Lakini chini ya jicho la kushoto alikuwa na mmoja mrefu, ulioanzia karibu na pua ukapanda kuelekea sikioni. Huo haukuwa wa moshi. Huo ulikuwa wa Masanja.

Masanja ni kaka yangu. Alikuwa chuo cha ufundi. Alitoka asubuhi moja akiwa na shati la kijani alilolipiga pasi kwa haraka, kola upande mmoja imelala, upande mwingine imesimama. Walikuwa wanakwenda uwanjani na wenzake kuiuliza serikali swali. Swali lenyewe sasa wengi hatulikumbuki vizuri, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya risasi walizojibiwa.

Serikali ilieleza kwa ufasaha kwamba hakuna aliyekufa uwanjani, kwa sababu hakuna aliyekwenda, na uwanja wenyewe siku hiyo ulikuwa umefungwa ili upakwe rangi. Ni kweli ulipakwa rangi, siku iliyofuata. Na kwa kuwa Masanja hakufa, hakuruhusiwa kufanyiwa matanga. Polisi walikuja, wakaamkia wazee, wakakunja mkeka wetu wa msibani, wakaondoka nao.

Sasa inabidi niwaeleze mila yetu, maana ndiyo iliyoleta yote. Moshini hatupeani mkono wa pole. Mfiwa anakaa, wewe unainama mbele yake, unaweka dole gumba chini ya jicho lake, unalivuta kuelekea sikioni kama unayefuta chozi, hata kama chozi halipo, na unataja jina la marehemu. Jina tu. Naye mfiwa, na kila aliye karibu, anajibu, "Tuko naye." Tunafundishwa hivyo tukiwa bado mgongoni. Dole likigusa pale, jina linatoka. Jina likitoka, jibu linafuata. Mtu haamui.

Mkeka ulipochukuliwa, wanawake walihamia sokoni. Mama akipanga samaki wake, anakuja mmoja, "Shoga, una masizi usoni, hebu nikufute." Dole gumba chini ya jicho. "Masanja." Na meza zote za karibu, kwa sauti ya kuuza samaki, "Tuko naye." Miaka imepita namna hiyo. Kaka yangu hana kaburi wala cheti wala jiwe. Alikuwa na ule mkunjo.

*

Afisa Nyuso wa Kata yetu aliteuliwa Pazi, mtoto wa hapa hapa, aliyekuwa hana kazi tangu kiwanda cha nyavu kifungwe. Alikuja sokoni na fulana yenye picha ya jicho, nyuma yake akiwa Mkuu kutoka Wilayani aliyeletwa kushuhudia ukaguzi wa kwanza. Mkuu alikuwa mtu wa mikoa ya mbali. Alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli, akajifunika pua kwa sababu ya moshi.

"Shikamoo mama mkubwa," Pazi alimwambia mama.

"Marahaba, Pazi. Umekonda. Na hiyo fulana mbona jicho liko tumboni?"

"Ni sare ya kazi, mama. Nimekuja kukukagua."

"Unikague mimi? Mimi niliyekuogesha kwenye karai lile pale mama yako alipolazwa? Kuna kitu gani cha kukaguana mimi na wewe?"

Jirani yetu Mama Kashindye, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu, akadakia kutoka meza ya pili, "Mwache akague, shoga. Huyu hata kamasi alikuwa hajui kupenga, leo serikali imempa macho ya watu!"

Soko likacheka. Pazi naye alikaribia kucheka, akakumbuka mwavuli. Akasoma kanuni kwa sauti: afisa ataweka dole gumba chini ya jicho la mwananchi na kulivuta kuelekea sikioni, dole likiteleza, mwananchi ni kijana, dole likikwama, mwananchi atachagua njia moja kati ya nne. Kanuni hiyo ilitungwa mji mkuu, na wataalamu waliosafiri sana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusafiri mpaka Moshini.

Pazi akainama. Akaweka dole gumba chini ya jicho la kushoto la mama yangu. Akalivuta. Likafika kwenye ule mkunjo likakwama, na mdomo wake ukafunguka.

"Masanja," alisema Afisa Nyuso wa Kata.

"Tuko naye," likajibu soko zima.

Nilimwona Pazi akigeuka rangi ya jivu. Dole bado liko usoni kwa mama. Mama anamtazama kwa upole, kama enzi za karai.

"Wamesema nini hao?" Mkuu aliuliza kutoka mwavulini.

"Wanaisifu serikali, mheshimiwa."

"Vizuri sana. Waseme tena, kwa sauti."

Basi tukasema tena, kwa sauti, mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye mabati. Mkuu alipiga makofi.

Baadaye mtu akamweleza. Likatoka agizo kwamba dole gumba si kifaa cha kisayansi, na tangu siku hiyo maafisa wakakagua kwa pima maji, ile ya mafundi ujenzi. Wanakuegemezea chini ya jicho, unaambiwa usipumue, wanatazama kama kipovu kimekaa katikati.

*

Kipovu cha mama hakikukaa katikati, kwa hiyo alitakiwa achague.

Alichagua krimu. Pazi alileta kopo, akamwelekeza namna ya kupaka. Mama akapaka kwa bidii asubuhi na jioni, kwenye bawaba za mlango wa jikoni, ambazo zilikuwa zinalia kwa muda mrefu. Zikanyamaza kabisa. Mlango wetu ukawa kijana. Pazi alipokuja na pima maji akakuta uso uko vile vile.

"Mama, hii krimu hukupaka."

"Nimepaka, mwanangu. Muulize Kalunde." Kalunde ndiye mimi.

"Amepaka mpaka kopo limeisha," nikasema, na sikudanganya.

Akaandikiwa sindano. Mama akasema hana neno, ila ni desturi ya nyumba yake kwamba mgeni anayeleta chakula anaanza kuonja mwenyewe. Mganga wa Wizara, kijana aliyevaa koti jeupe, akaona aibu mbele ya wanawake, akajidunga chini ya jicho lake. Jicho likavimba likawa kama andazi. Alirudishwa mjini kwa gari akitazama kwa jicho lililobaki.

Akapelekewa mashine ya mwanga. Ilishushwa kwenye lori, ikaunganishwa na nyaya za nguzo yetu, na mtaa wote ukaingia gizani saa nne ya asubuhi, na kiwanda cha barafu nacho, na nyumba ya Mkuu wa Wilaya nayo. Umeme ulirudi baada ya wiki. Mashine haikuwahi kurudi. Inasemekana ilikuwa nzima ila ilikasirika.

Pazi alikuja peke yake, bila fulana. Akakaa kwenye kigoda cha jikoni.

"Mama mkubwa, nakuomba. Wameandika jina lako mji mkuu. Rika la Rais, mtaa wa Rais, na makunyanzi yapo. Wanasema unafanya kusudi."

"Nafanya kusudi, ndiyo. Ulidhani ni bahati mbaya?"

"Watakukata, mama."

"Pazi. Wamechukua mtoto. Wamechukua na mkeka nilioukalia. Hiki wanachokitaka sasa ndicho nilichobaki nacho, ndipo watu wanapoweka dole. Wakija wakikate wenyewe. Mimi mkono wangu siutii humo."

Pazi alilia pale kigodani. Mama akamfuta chini ya jicho, lakini hakutaja jina, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekufa siku hiyo.

Walimchukua kesho yake mchana, watu wakiona. Taarifa ya Wizara ilisema Bi Nyamizi alikwenda kwa hiari yake, akisindikizwa na askari waliojaa gari, na kwamba alipiga kelele njia nzima kwa furaha.

*

Alirudi baada ya mwezi. Nilifungua mlango nikamkuta mwanamke amesimama na kifurushi cha mama yangu. Chini ya macho ngozi imevutika, laini, inang'aa kama mfuko wa nailoni. Makope ya chini yameshuka kidogo, mekundu kwa ndani, na machozi yanatoka bila yeye kuyaita. Alijaribu kupepesa, macho yakafika nusu yakarudi.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Mlango huo mbona haulii? Ah, nimesahau."

Kwa sauti hiyo nikamjua.

Mama Kashindye alikuja akasimama mbele yake. Akainua dole gumba, akaliweka pale ulipokuwa mkunjo. Likateleza. Halikupata pa kushika. Nikaona midomo yake inahangaika, kama mtu aliyefika nyumba anayoifahamu akakuta imebomolewa.

"Sema," mama akamwambia. "Sikukatwa jina."

"Masanja," alisema Mama Kashindye.

"Tuko naye."

Wizara ilifurahi sana na uso wa mama. Waziri Mtandika aliuona kwenye picha akatangaza kwamba hayajapata kutokea mafanikio kama hayo: mwanamke wa rika la Kijana wa Kwanza, wa mtaa wake, mkausha samaki, na kope kama la binti. Ikaamuliwa Sikukuu ya Ujana ifanyike Moshini, na mama apandishwe jukwaani akae na Rais bega kwa bega, taifa lione. Akapewa maneno ya kusema. Rais atamwuliza, "Binti, una miaka mingapi?" naye atajibu, "Thelathini, Mheshimiwa." Watu wa Wizara walimfanyisha mazoezi barazani kwetu. Alijibu vizuri kila mara. Walisifu akili yake.

*

Siku ya sikukuu matanuri yalizimwa kwa amri, na kwa mara ya kwanza tuliona mtaa wetu ulivyo bila moshi. Redio ya Taifa ilikuja na mtangazaji wake, yule mwenye sauti ya asali, akaunganisha nchi nzima moja kwa moja. Mawaziri walipanga mstari jukwaani, wote wamenyooshwa nyuso, wote wakilia. Mtu asiyejua angedhani ni msiba mkubwa.

Rais akaketishwa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Machozi yalimtiririka hadi kwenye kola, na Brigedia wa leso alikuwa anafuta, anakamua, anafuta. Kisha mama akapandishwa, amevaa kitenge kipya cha Wizara, akawekwa karibu naye.

"Binti," Rais alisema kwenye kipaza sauti, akisoma kwenye karatasi, "una miaka mingapi?"

"Sawa na wewe, Lugendo," mama alijibu.

Jina hilo lilikuwa halijasikika hadharani kwa miaka mingi. Rais akainua uso kutoka kwenye karatasi. Akamtazama kwa muda mrefu mwanamke yule asiyemfahamu.

"Ni nani wewe?"

"Nyamizi wa Mzee Shija, nyumba ya tatu. Tumeiba mapera pamoja. Uso wamenichukulia, ndiyo maana nimekupotea."

Waziri Mtandika alianza kupiga makofi, akidhani ni sehemu ya ratiba iliyoongezwa. Mawaziri wengine wakamfuata. Brigedia akapiga makofi pia, na leso ikiwa mkononi, kwa hiyo machozi ya Rais yakaachwa yajitokee. Yakatoka mengi. Alikuwa mzee aliyekaa kwenye kiti akilia, na mbele yake mwanamke wa Moshini.

Mama akainama. Akaweka dole gumba chini ya jicho la Rais, akalivuta kuelekea sikioni, mbele ya nchi nzima.

"Masanja," alisema.

Na Rais, ambaye mama yake alimbeba mgongoni kwenye misiba yote ya mtaa huu kabla hajajua kutembea, akafungua mdomo akajibu kwenye kipaza sauti, wazi, kama mtoto aliyefunzwa:

"Tuko naye."

Makofi yalikatika. Nilisikia bendera ikipigapiga mlingoti. Uso wa Rais haukuweza kuonyesha kitu, walishaukata, lakini mkono wake uliinuka ukafunika mdomo.

Mama Kashindye alikuwa kushoto kwangu. Aligeuka, akaweka dole chini ya jicho la mwanamke aliye nyuma yake. "Malongo," alisema. Tukajibu. Mwingine akasema "Gindu." Tukajibu. Majina yakaanza kutoka kila upande wa uwanja, ya watu ambao hawakwenda, hawakufa na hawakuwepo, na kila moja likajibiwa. Kwenye redio, watu walituambia baadaye, mtangazaji mwenye sauti ya asali alisema, "Ndugu wasikilizaji... Wande. Dada yangu, Wande." Halafu mitambo ikazimwa. Lakini katika nyumba nyingi mbali na hapa, watu waliokuwa wakisikiliza walishajibu.

*

Serikali ilitoa ufafanuzi jioni ile ile. Ilisema Mheshimiwa alikuwa anasafisha koo. Siku ya pili ikasema yalikuwa maneno ya lugha ya kidiplomasia. Siku ya tatu ikasema Sikukuu ya Ujana haikufanyika, kwa sababu uwanja ulikuwa umefungwa upakwe rangi.

Ikaja Sheria ya Madole Gumba. Mtu yeyote anayetoka nje avae kofia ya kitambaa kwenye dole gumba, iliyotolewa na Wizara, rangi ya taifa. Pazi akagawa Moshini nzima. Watu walizipokea kwa shukrani, wakazitumia kushikia sufuria za moto.

Mama hakukamatwa. Nadhani hawakujua wamkamate kwa kosa gani. Alikuwa amemfuta Rais machozi, na hiyo ni kazi ya heshima yenye cheo cha Brigedia. Nilimuuliza alipanga vile tangu lini.

"Sikupanga kitu," alisema. "Nilikwenda kumtukana. Nimefika nikamwona analia, hana mtu wa kumfuta. Ningefanyaje?" Akageuza sato kwenye wavu. "Ila kajibu vizuri. Mama yake alimfundisha."

Macho yake hayakupona. Jicho lisilofumba linakauka, na kwenye moshi linaoza pole pole. Nilimwambia aache tanuri, akaniambia niache kumpangia. Alifariki masika yaliyofuata, kitandani kwake, mkono wake mkononi kwangu, akitazama dari. Sikuweza kumfumba macho. Ngozi haikutosha.

Tulimtandikia mkeka mpya uani. Watu walianza kuja asubuhi na mstari ukafika barabarani, mpaka kiwanda cha barafu. Nilikaa chini, na kila mmoja akainama, dole tupu, chini ya jicho langu. "Nyamizi." Tuko naye. "Masanja." Tuko naye. Pazi alifika na askari wawili kusimamia sheria. Alisimama kwenye lango la ua kwa muda. Kisha akavua kofia ya dole lake, akaitia mfukoni, akaingia kwenye mstari nyuma ya Mama Kashindye, ambaye alimwambia, "Usinikanyage." Askari wake hawakujua la kufanya. Mmoja naye alivua.

*

Leo asubuhi nimejitazama kwenye maji ya ndoo. Chini ya jicho langu la kushoto, karibu na pua, umeanza. Bado mfupi. Unaelekea sikioni.

Wito wa Wizara umekwishafika: krimu, sindano, mwanga au kisu, nichague kwa uhuru kamili, watakuja Jumatatu. Nimewajibu kwamba nimechagua; sikuwaambia ni ile ya tano. Bawaba za mlango nimezipangusa kwa mchanga mpaka zikaanza kulia tena, ili nisikie wakiingia. Tanuri nitaliwasha mapema, moshi uwe mwingi. Mama Kashindye anasema atakuwepo na soko zima litakuwepo, na Pazi ndiye atakayeshika pima maji.

Watanikuta nimekaa barazani, uso nimeuelekeza njiani. Atakayetaka kukagua, aje akague kwa dole gumba.